Neno 'hisa' na safari ya soko letu la Nairobi

Majuma mawili yaliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili alibisha mlango wa ofisi yangu akiwa amekumbatia rundo la karatasi. Anaandika tasnifu kuhusu tafsiri ya hati za kifedha, na alikuwa amekwama kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye neno ambalo kila mmoja wetu hudhani analijua.

"Prof," akaniuliza, "hisa ni nini hasa?"

Nikamwambia aangalie kamusi. Akanijibu kwa upole kwamba ameshaangalia, na kamusi inasema ni sehemu au fungu. "Lakini fungu la nini, Prof? Na likipotea?"

Nilinyamaza. Swali hilo niliwahi kuulizwa miaka mingi iliyopita na mtu asiyekuwa na shahada yoyote, nami nikalijibu nusu. Nusu niliyoiacha iliwagharimu watu. Nitakuja huko. Kwanza, mpenzi msomaji, nikuombe tufuatane katika historia ya soko letu la hisa, maana jibu la mwanafunzi wangu limo humo, wala halimo katika kamusi peke yake.

Tuanze na neno lenyewe. Hisa tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni fungu la mtu katika kitu kinachogawanywa. Halikuletwa Afrika Mashariki na wauzaji wa makampuni. Mimi nilizaliwa Pwani ya Kusini, katika kijiji cha wavuvi upande wa Vanga, na neno hili nililisikia ufuoni kabla sijajua kusoma. Chombo kikirudi, samaki huuzwa, gharama huondolewa, kisha kinachobaki hugawanywa. Chombo kina hisa yake, nyavu zina hisa yake, nahodha ana yake na kila baharia ana yake. Hesabu hutofautiana kati ya kijiji na kijiji, lakini kanuni ni ileile: aliyeweka mali na aliyeweka jasho, wote wana hisa. Na siku bahari ikikataa, hisa ya kila mmoja ni mikono mitupu. Hakuna anayemdai mwenzake.

Neno hilo halikuwa peke yake. Kiswahili kilikuwa na msamiati wa fedha kabla Nairobi haijakuwa mji. Kutoka Kiarabu tulipata dalali, rehani, amana, dhamana na riba. Kutoka Bara Hindi tulipata hundi na bima. Maneno haya yalifuata biashara. Katika karne ya 19, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, Taria Topan, alikuwa akiwakopesha wafanyabiashara wa misafara bidhaa ili waingie bara na kurudi na pembe za ndovu. Mmoja wa wadeni wake alikuwa Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina Tippu Tip, ambaye aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, na mikopo na madeni yamejaa katika simulizi hiyo. Tusisahau kwamba nyuma ya pembe hizo kulikuwa na watumwa. Mtaji wa pwani yetu haukuwa na mikono safi. Ninachosema ni kwamba lugha ya kuuzungumzia ilikuwepo, nayo ilikuwa lugha yetu.

Halafu ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka wa 1896, na mwaka huohuo National Bank of India ikafungua tawi katika mji huo. Sarafu ilikuwa rupia, na ikaendelea kuwa rupia hadi ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia. Benki za Uingereza na za Afrika Kusini zilifuata moja baada ya nyingine. Zilikuja kuhudumia serikali, walowezi na biashara ya kupeleka mali ng'ambo. Mwafrika alizijua kwa mbali, kama jengo la mawe lenye askari mlangoni.

Biashara ya hisa jijini Nairobi ilianza katika miaka hiyo ya 1920. Hapakuwa na soko rasmi wala kanuni zilizoandikwa. Waliouza na kununua walikuwa Wazungu, na waliowaunganisha walikuwa watu wenye kazi nyingine: wahasibu, mawakili wa sheria, mawakala wa nyumba na mashamba, na madalali wa mnada. Walikutana kwenye kahawa, wakaambiana bei, wakaagana. Mpaka leo hoteli ya Stanley ina baa inayoitwa Exchange, jina linalokumbusha enzi ambapo bei za makampuni zilipangwa kwenye viti vya hoteli.

Nataka tukae kidogo kwenye meza hiyo ya kahawa, kwa sababu mbili. Kwanza ni kahawa yenyewe. Waafrika wa nyanda za juu walikuwa wamekatazwa kuikuza. Ni katika miaka ya 1930 tu ndipo walipoanza kuruhusiwa kwa majaribio, sehemu kama vile Kisii na Meru. Kwa hiyo aliyelima shamba lililotoa kahawa ile hakuruhusiwa kuwa na mikahawa yake, wala kununua hisa ya kampuni iliyomwajiri.

Pili ni jinsi walivyofanya biashara. Waliaminiana kwa neno tu, kwa mapatano ya kiungwana. Wanaokijua Kiswahili cha zamani wanajua kwamba muungwana hakuwa mtu mwenye adabu tu. Alikuwa mtu huru, asiyekuwa mtumwa. Uungwana ulikuwa mstari uliochorwa baina ya walio ndani na walio nje, na meza ile ilikuwa na mstari kama huo. Walioketi waliaminiana kwa sababu walijuana, na walijuana kwa sababu wengine wote hawakukaribishwa.

Mwaka wa 1951 wakala wa nyumba na mashamba aitwaye Francis Drummond alianzisha kampuni ya kwanza iliyofanya udalali wa hisa kuwa kazi kamili. Drummond alimwendea Sir Ernest Vasey, aliyeshika masuala ya fedha katika serikali ya kikoloni, akamshawishi kwamba Afrika Mashariki ilihitaji soko lake. Mnamo Julai 1953 wawili hao waliwafikia wakuu wa Soko la Hisa la London, nao wakakubali kulitambua soko la Nairobi. Mwaka wa 1954 Soko la Hisa la Nairobi likaandikishwa. Na liliandikishwa vipi? Chini ya sheria ya vyama, kama muungano wa hiari wa madalali. Yaani kisheria lilikuwa chama, sawa na chama cha mazishi cha kijijini kwenu, ila wanachama wake walizika watu wengine.

Msomaji atanisamehe mzaha huo akikumbuka mwaka wa 1954 ulikuwaje. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari. Aprili 24 mwaka huo wanajeshi waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, wakakamata maelfu kwa maelfu ya Waafrika, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapeleka kwenye kambi za vizuizi. Mwaka huohuo serikali ilitoa Mpango wa Swynnerton, uliofungua mlango kwa wakulima Waafrika kupata hatimiliki za ardhi na kukuza mazao ya biashara, kahawa ikiwemo. Katika mji mmoja, mwaka mmoja, watu walikuwa wakisombwa kwa malori huku wengine wakiandikisha soko la kuuziana mali ya nchi. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa katika soko hilo hadi uhuru ulipopatikana.

Uhuru ulipofika mwaka wa 1963 soko lilidorora. Walionacho walikuwa na wasiwasi na nchi mpya, na wasionacho hawakuwa wamewahi kulisikia. Serikali ya Jomo Kenyatta haikulifunga. Ilichagua njia ya kulipa sura ya Kiafrika polepole. Benki Kuu ya Kenya iliundwa mwaka wa 1966. Mwaka wa 1967 shirika la serikali la maendeleo ya viwanda na biashara, ICDC, lilianzisha kampuni ya uwekezaji ili wananchi wapate njia ya kumiliki hisa. Mwaka wa 1970 serikali ilichukua asilimia 60 ya National and Grindlays, nayo ikawa Kenya Commercial Bank.

Ng'ambo ya Vanga, mwendo wa mguu tu kutoka kijijini kwetu, Tanzania ilichagua njia nyingine. Mwaka wa 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha na benki zikataifishwa. Soko la Nairobi, ambalo lilikuwa likihudumia Afrika Mashariki nzima, likaanza kupoteza sura yake ya kikanda. Uganda nayo ikafuata kwa utaifishaji wake na misukosuko yake. Lakini mwaka huo wa 1967 Tanzania ilifanya jambo jingine ambalo wanauchumi hulipita bila kulitazama: iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Iliziweka benki mikononi mwa umma, na wakati huohuo ikaipa lugha ya umma chombo cha kuitunza na kuikuza. Dar es Salaam haikuwa na soko la hisa linalofanya kazi hadi mwaka wa 1998. Lakini lilipofunguliwa, lilikuta bajeti ya taifa inasomwa bungeni kwa Kiswahili, na watu wana maneno ya kulizungumzia.

Sisi tulikuwa na soko. Maneno tuliyaacha ufuoni. Mwaka wa 1974 Mzee Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni, na wabunge wengi wakahangaika. Lakini katiba ya zamani, jinsi ilivyorekebishwa baada ya hapo, ilisema kwamba miswada, sheria, na maazimio yote ya fedha pamoja na hati zinazoyahusu, sharti viandikwe kwa Kiingereza. Soma tena hapo. Mbunge angeweza kulalamika kwa Kiswahili kuhusu bei ya unga, lakini karatasi iliyohesabu pesa ililindwa na katiba isiandikwe kwa lugha hiyo.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyolifungulia soko njia ya kutoka chumbani. Mwaka wa 1988 serikali iliuza kupitia soko hilo asilimia 20 ya hisa za Kenya Commercial Bank. Mwaka uliofuata sheria ilipitishwa ya kuunda Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mwaka wa 1991 soko liliacha kuwa chama na kuwa kampuni, na madalali wakaacha kuuziana kwa simu. Wakaanza kukutana ukumbini na kutangaza bei kwa sauti. Mnamo Februari 18, 1994, kipimo cha bei za hisa 20 kilifika alama 5,030, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa. Shirika la kimataifa la IFC liliuhesabu uwekezaji wa Nairobi kuwa umeleta faida kubwa kuliko soko lolote duniani mwaka huo, asilimia 179 kwa dola. Haya yalitokea baada ya mwaka wa 1993, ambapo mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 40 na mshahara wa mhadhiri, nakuapia, ulikuwa ukiisha kabla ya tarehe kumi.

Nilifika sokoni hapo mara ya kwanza mwaka wa 1997, lilipokuwa Nation Centre, nikiwa na wanafunzi wangu. Tulitazama vijana waliovaa makoti wakiandika bei ubaoni, wakifuta, wakiandika tena. Kelele zilikuwa kama za mnada wa samaki, na kwangu mimi zilikuwa za nyumbani kabisa. Lakini nilipotega sikio kama mwanaisimu, niligundua jambo: utani ulikuwa wa Kiswahili na Sheng, bei zilikuwa za Kiingereza. Wanafunzi wangu walicheka walipousikia utani. Bei zilipotajwa walinyamaza.

Mwaka mmoja kabla ya ziara hiyo, hisa za Kenya Airways zilikuwa zimeuzwa kwa umma, na zaidi ya watu 110,000 walinunua. Ilikuwa mara ya kwanza soko kuwafikia Wakenya wengi namna hiyo. Mwaka wa 2006 ikawa zamu ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, kwa shilingi 11.90 kila hisa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tatu, na siku chache baada ya kuanza kuuzwa sokoni, bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Hapo ndipo nchi ilipopata homa. Mahubiri, matatu, vinyozi, kila mahali ni hisa. Mtu aliyekuwa hajui dalali ila yule wa kupiga mnada vitanda vya wadeni, sasa alikuwa na dalali wake. Baadhi yao, kumbe, walikuwa hawatofautiani sana na yule wa vitanda. Kati ya 2007 na 2010 kampuni kadhaa za udalali zilianguka na pesa za wateja, na hazina ya kuwafidia wawekezaji haikumlipa mtu zaidi ya shilingi 50,000.

Mwaka wa 2008 serikali ilitangaza kuuza hisa bilioni 10 za Safaricom, kila moja kwa shilingi 5. Kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi elfu kumi. Nchi ilikuwa imetoka tu kumwaga damu baada ya uchaguzi wa 2007, na ilitamani jambo la kuiunganisha. Hapa ndipo ninapofika kwenye swali nililolijibu nusu.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba yangu, alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama wachuuzi wa samaki. Musimu wa kaskazi huwa wa neema kwetu. Bahari hutulia, samaki hupatikana, na kikundi huweka akiba ya kuwavusha kusi, wakati vyombo vinaposhindwa kutoka. Machi mwaka huo, kaskazi ikielekea kuisha, alinipigia simu.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Hizi hisa za simu ni hisa gani? Isije ikawa ni riba tunaingia."

Nikamjibu kwa kujiamini, nikiwa na haraka ya kwenda darasani. "Si riba, shangazi. Ni fungu lako katika kampuni. Kampuni ikipata faida, nawe unapata."

Akauliza, "Basi ndiyo hivyo tu?"

Nikasema, "Ndiyo hivyo tu."

Kikundi kilitoa laki moja na elfu ishirini, sehemu akiba na sehemu mkopo. Hisa zikaombwa kwa jina la shangazi. Kama tunavyojua, maombi yalikuwa zaidi ya mara tano ya hisa zilizokuwepo, na watu wa kawaida wakapewa takriban moja kwa tano ya walichoomba. Pesa zilizobaki zilirudi kusi ikiwa imeshakolea. Juni 9 hisa zilipoanza kuuzwa sokoni, bei ilipita shilingi 7, na kijijini watu wakashangilia. Shangazi akasubiri ipande zaidi, kama ya KenGen. Ikaanza kushuka. Msukosuko wa fedha wa dunia uliwafanya wawekezaji wa kigeni kuuza, na mwanzoni mwa mwaka wa 2009 hisa moja ilikuwa chini ya shilingi 3. Mkopo ulikuwa unadaiwa. Wakauza.

Hakuna aliyewatapeli. Kampuni ilikuwa ikifanya biashara yake, na waliovumilia waliona hisa hiyohiyo ikipita shilingi 40 mwaka wa 2021. Hasara ya kikundi, ukiihesabu kwa macho ya Nairobi, haikuwa kubwa: kama shilingi elfu kumi na riba ya mkopo. Lakini akina mama kumi na mbili walivuka kusi bila akiba yao, na walipouliza ni nani aliyesema jambo hilo halina hasara, shangazi hakulitaja jina langu. Alijiuzulu uweka hazina. Hilo nililijua miaka mitatu baadaye, na si kutoka kwake.

Nimejiuliza mara nyingi kosa lilikuwa wapi. Kwa muda nililisingizia neno. Nilisema Kiswahili hakina istilahi za kutosha, kwamba hisa ni neno la samaki na haliwezi kubeba mzigo wa soko la mitaji. Ni hoja inayopendwa na wenzetu wengi wanaotetea Kiingereza katika fedha. Sasa naiona kuwa ya uvivu. Neno hisa lilikuwa na kila kitu ndani yake: mali iliyochangwa, safari isiyo na hakika, mgao wa kinachopatikana na mikono mitupu kisipopatikana. Kweli, kuna tofauti moja kubwa. Ufuoni jasho lina hisa. Sokoni aliyetoa jasho hupewa mshahara, na hisa ni ya aliyeweka pesa. Lakini kuhusu hasara, neno la ufuoni lilikuwa wazi kuliko ukurasa wowote wa Kiingereza. Sisi tulioshika kalamu tulikata nusu ya maana yake, tukawapa watu iliyobaki.

Na wala sikuwa peke yangu. Matangazo ya redio ya miaka ile yalikuwa kwa Kiswahili na lugha za mama. Yalisema njoo, nunua, miliki. Hati iliyoeleza hatari za kununua ilikuwa kitabu kinene cha Kiingereza cha mawakili. Mwaliko ulikuwa kwa lugha ya mwananchi, na tahadhari kwa lugha nyingine. Miaka ya 1950 aliyeachwa nje ya soko aliachwa kwa rangi yake. Nusu karne baadaye aliingizwa ndani, pesa yake ikapokelewa, na maelezo yakabaki nje.

Mambo yamebadilika kiasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa na huduma. Nauliza tu kama mwalimu wa lugha: habari isiyoeleweka ni habari? Mwaka wa 2017 serikali ilianza kuuza hatifungani kwa njia ya simu, kuanzia shilingi 3,000, ikaipa jina zuri la M-Akiba. Mwaka wa 2025 soko liliondoa kima cha hisa 100, na sasa mtu anaweza kununua hata hisa moja. Mlango umekuwa mpana kuliko ulivyowahi kuwa. Mchuuzi wa samaki anaweza kuingia sokoni kwa simu yake akiwa amekaa kwenye ndoo. Kwa sababu hiyohiyo, maelezo yanahitajika kuliko wakati wowote.

Haya si mambo ya nadharia. Wakulima wa miwa wa Magharibi walionunua hisa za Mumias mwaka wa 2001 waliiona kampuni yao ikiwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019. Wao walikuwa na jasho na hisa, vyote viwili, katika chombo kimoja. Ni wangapi waliokuwa wameelezwa, kwa lugha wanayoota nayo, kwamba mwenye hisa ndiye hulipwa mwisho kampuni ikianguka, baada ya wadai wote, kama kuna kilichosalia?

Basi nilimrudia mwanafunzi wangu, tukakaa na zile karatasi mchana mzima. Dividend tuliiita gawio, na tukaandika kwamba kampuni inaweza kuamua kutolitoa. Broker alimpa shida: dalali linatisha watu, wakala ni wa kutuma pesa. Tukaamua kuandika dalali wa hisa na kueleza kazi yake na malipo yake, maana neno linalotisha kidogo si baya mahali penye pesa. Kuhusu soko lenyewe, ambalo tangu mwaka wa 2011 limebadilisha jina lake la Kiingereza ili libebe hatifungani na dhamana nyingine, nilimshauri aendelee kuliita Soko la Hisa, kama wanavyoliita watu, na aeleze katika sentensi moja kwamba huuza na hayo mengine.

Kwa hisa tukaandika hivi: "Hisa ni fungu la umiliki katika kampuni. Kampuni ikipata faida unaweza kupata gawio. Bei ya hisa inaweza kupanda au kushuka, na kampuni ikianguka unaweza kupoteza pesa zako zote. Usinunue kwa pesa za mkopo au za chakula."

Jumamosi iliyofuata niliteremka pwani na karatasi hiyo mfukoni. Shangazi sasa ana zaidi ya miaka themanini na macho yake yamechoka, kwa hiyo nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nirudie sentensi ya tatu. Nikairudia.

"Hii ya tatu," akasema, "mbona siku ile hukuisema?"

Nikamwambia nilikuwa na haraka, na nilidhani ingemtisha.

Akacheka, akaitazama bahari iliyokuwa imejaa. "Mwanangu, mimi ni binti wa nahodha. Ungeniambia ni hisa ya chombo, ningeelewa. Kwani mimi sijui kwamba chombo huzama?"